Shukrani kwa kaka wa TMCS aliyenipokea Mbezi

Tumsifu Yesu Kristo.

Namshukuru kaka mmoja wa TMCS, umoja wa wanafunzi Wakatoliki vyuoni, tawi la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani. Jina sikulishika, maana basi letu la kutoka Sumbawanga liliingia Stendi ya Magufuli, Mbezi, usiku mkubwa na mimi nilikuwa hoi. Wapiga debe walishaanza kugombania sanduku langu. Akaja taratibu na fulana ya TMCS, akauliza, "Mdogo wangu, mwaka wa kwanza?" Hakuuliza kwanza kama ni Mkatoliki. Mwenzangu wa kiti cha jirani ni Mlutheri, naye alibebewa mzigo vilevile.

Asubuhi alitupandisha daladala ya Makumbusho, nauli akalipa yeye. Kwenye usajili alinionyesha cha kutoa nakala na dirisha la kuanzia, jambo ambalo bango lolote la chuo halikunisaidia. Bumu, yaani fedha ya mkopo ya kujikimu, lilikuwa halijaingia, basi akanigawia unga, dagaa na nusu ya sabuni yake ya mche, ameikata kwa uzi. Hiyo sabuni ndiyo iliyonitoa machozi, sijui kwa nini.

Jumapili akanipeleka Misani, akanikabidhi kwa jumuiya na kwa watu wa kwaya (sauti ya nne walikuwa wachache), kisha akaenda kuwapokea wengine.

Kaka, Mungu akubariki. Nitafute baada ya Misa. Kofuli ya kabati uliyoniazima bado ninayo.