Barua ya Wazi kwa Waziri wa Sayansi wa Jimbo Letu: Nani Atanisainia?

Mheshimiwa Waziri,

Nimekuandikia mara tatu kwa Kijerumani, na mara tatu mashine ya ofisi yako imenijibu kwamba barua imepokelewa. Hii ya nne naiandika kwa Kiswahili, hadharani, ili walau wenzangu wanaofunga mizigo kuja kusoma huku Ujerumani waione kabla hawajasaini chochote.

Jumatatu nimempoteza msimamizi wangu wa uzamivu, profesa wa chuo kikuu jirani. Hajafa, namshukuru Mungu. Amehamia chuo kikuu kingine. Aliyerithi nafasi yake ameniandikia mistari miwili: kupoza maziwa kwa umeme wa jua si fani yake. Basi. Miaka minne na nusu ya kazi.

Utaniuliza, kwani huna profesa chuoni kwako? Ninaye. Ofisi yake ni mlango wa tatu kutoka maabara. Ndiye aliyehangaikia fedha za mradi, ndiye anayejua kila bomba la mtambo wangu, na hayo huyafanya baada ya kufundisha vipindi 18 kwa wiki, wakati mwenzake wa chuo kikuu hufundisha 8 au 9. Kosa lake ni kuajiriwa na chuo cha sayansi tumizi, Fachhochschule, ambacho kwa sheria ya jimbo lako hakitoi shahada ya uzamivu. Mimba tunailea sisi, cheti cha kuzaliwa kinaandikwa kwa jirani. Tena jirani akipenda.

Ulipokuja kuzindua maabara yetu ulikunywa maziwa yaliyopozwa na mtambo huo huo, ukayasifu, ukaahidi sheria itabadilika kabla ya muhula wa baridi. Hukutaja wa mwaka gani. Tulikosea sisi, hatukuuliza.

Jimbo la Hessen walithubutu mwaka 2016, na chuo cha sayansi tumizi cha Fulda kikawa cha kwanza cha aina yake nchini kupewa haki ya kutoa uzamivu. Jimbo la Nordrhein-Westfalen wana taasisi yao ya pamoja ya uzamivu kule Bochum, nayo ikapewa haki mwaka 2022. Sijasikia kwamba udaktari umeoza huko. Nadhani, na huenda nakosea, wakubwa wa vyuo vikuu wanalishika jina la daktari kama shamba la ukoo.

Sheria ya mikataba ya watafiti inaniruhusu miaka 6 kabla ya uzamivu, lakini mkataba wangu unaisha Septemba, na kibali cha kuishi kinaisha nao. Mama yangu, muuza maziwa wa Nakuru, huniuliza kila Jumapili kama nimeshakuwa daktari. Nimemwambia msimamizi yuko likizo. Kanga hazai ugenini, walisema. Nilidhani wanamsema ndege.

Mheshimiwa, mruhusu profesa wangu asaini. Kama hilo ni zito, nitafutie mmoja wa chuo kikuu atakayesaini. Kama nalo ni zito, basi nijibu wewe mwenyewe, si mashine, kabla ya Septemba.

Wako anayesubiri,
Mtafiti wa mlango wa tatu