Rehema, ngoja kwanza

Shoga yangu Rehema,

Salaam nyingi. Huku hatujambo, watoto wazima, na Mama Baraka bado anaulizia sufuria yake uliyoondoka nayo siku ya arusi. Nakuandikia kwa kuwa simu zangu hupokei, na ujumbe unausoma kisha unanyamaza.

Salome kaniambia. Usimkasirikie, nilimbana mpaka akasema. Kumbe barua ya kuacha kazi umeshaiandika, iko kwenye mtoto wa meza inangoja tarehe tu. Na kumbe yote ni kwa ajili ya yule kijana unayemtetea. Miezi kumi na moja mahabusu, dhamana imewashinda kwao, mwisho akakubali kukiri kosa aliloapa mbele yako kwamba hakulitenda, ili angalau aijue siku ya kutoka. Salome anasema jaji alipomuuliza kama anakiri kwa hiari yake, yule mtoto alikugeukia wewe kwanza, akakutazama, ndipo akajibu ndiyo. Tangu nisikie hilo silali vizuri, sembuse wewe uliyekuwa umesimama ubavuni mwake.

Mimi muuguzi, sheria si kazi yangu. Lakini mwezi uliopita nilipata likizo ya siku nne nikapanda basi hadi Montgomery, Alabama, na nilikwenda kwa ajili yako. Ulipoanza kazi ya utetezi hapo Georgia, siku haikupita hujamtaja Bryan Stevenson, yule wakili anayewatetea waliohukumiwa kifo. Nikasema niende nikaone huyu mtu amejenga nini, pengine nitapata neno la kukuambia.

Kuna ule mnara wa kumbukumbu ambao shirika lake lilifungua mwaka 2018 kwa ajili ya watu weusi waliouawa na makundi ya watu bila kufikishwa mahakamani. Ni nguzo za chuma zaidi ya 800, kila moja imeandikwa jina la kaunti na majina ya waliouawa humo. Unapoingia, nguzo zinakutazama usoni. Ukiendelea kutembea, sakafu inateremka taratibu, na usipoangalia unajikuta zinaning'inia juu ya kichwa chako. Niliitafuta kaunti unayofanyia kazi. Ipo, na majina yapo. Nilisimama pale mpaka shingo ikaniuma. Nilikuwa najiuliza kwa nini wakili aache majalada akajenge kitu kama hiki, na pale chini nikaelewa: wanaoingia mahakamani, jaji, mwendesha mashtaka, wazee wa baraza, wanaingia na historia hiyo mwilini, wakijua wasijue, na mtoto mweusi anayesimamishwa kizimbani anahukumiwa nayo kabla hajafungua mdomo.

Lakini siyo hilo lililonifanya nishike kalamu.

Unakumbuka ulivyonisimulia habari ya Stevenson alipokuwa bado mwanafunzi wa sheria Harvard? Mwaka 1983, anajifunza kazi Georgia hukohuko uliko, wakamtuma gerezani kwa mtu aliyehukumiwa kifo. Hakuwa na wakili wa kumpelekea wala hoja yoyote. Ujumbe wenyewe ulikuwa mmoja tu: hutauawa ndani ya mwaka huu unaokuja. Stevenson akaona haya, ameenda mikono mitupu. Na yule mfungwa akafurahi hata akamshika mikono, kwa sababu alikuwa amemkataza mke wake na watoto wasije kumwona, akihofia watamkuta ameshapangiwa tarehe. Sasa wangeweza kuja. Wakakaa wakazungumza saa tatu badala ya moja, mpaka askari wakaja kwa hasira na kumfunga yule mfungwa minyororo kwa nguvu, naye akaondoka akiimba.

Ulinisimulia hayo wewe, jikoni kwangu, huku unalia. Mimi nakurudishia tu.

Maana ninachokiona ni hiki, na nisamehe kama nakosea: umeipima kazi yako yote kwa neno moja la yule kijana. Mimi wodini nimefiwa na wagonjwa ambao dawa ilikuwepo ila wamefikishwa wamechelewa. Naijua hasira hiyo. Unajiona kama wewe ndiye uliyewachelewesha. Hukumweka wewe mahabusu, Rehema. Hukupanga wewe kiasi cha dhamana. Wewe mwenyewe ndiye uliyeniambia kwamba zaidi ya asilimia 90 ya wanaotiwa hatiani nchi hii hukiri bila kesi kusikilizwa, na kwamba ukiwa na majalada yale yote mezani hata ukitaka kuipeleka kila kesi mbele ya wazee wa baraza huwezi. Siku ile uliyasema hayo kwa hasira ya kupigana. Sasa nasikia unayasema kama mtu anayesoma hukumu yake mwenyewe.

Na huyo Stevenson alishindwa pia. Alianzisha shirika lake Alabama mwaka 1989, na mwaka huohuo Herbert Richardson, askari wa zamani wa vita vya Vietnam, akauawa kwenye kiti cha umeme naye akiwa wakili wake. Richardson alimwambia kwamba siku ile ya mwisho watu walimuuliza anahitaji nini mara nyingi kuliko walivyowahi kumuuliza maisha yake yote. Niliposikia hilo nilikaa kitako. Sisi wauguzi tunauliza swali hilo kutwa, wala hatujui lina uzito gani.

Halafu kuna Anthony Ray Hinton. Alikamatwa 1985 akiwa na miaka 29, akahukumiwa kifo kwa mauaji, eti risasi zilitoka kwenye bastola ya mama yake, kumbe hazikutoka humo. Shirika la Stevenson liliichukua kesi 1999, wataalamu wakathibitisha mwaka 2002 kwamba risasi hazioani na silaha ile, na bado akatoka Aprili 2015. Mama yake hakuwepo tena kumpokea. Miaka kumi na sita ya wakili kurudi, kuandika, kukataliwa, kurudi tena. Sikutajii haya ili nikwambie ukae miaka kumi na sita. Ukichoka, pumzika, nami nitakuwa wa kwanza kukubebea mizigo. Ila usiondoke kwa ajili ya lile jicho la kijana kabla hujajua lilikuwa likisema nini. Wewe umelisoma kama lawama. Je, kama lilikuwa linatafuta mtu mmoja anayemfahamu kwenye chumba kile?

Ndiyo maana nina ombi. Kabla hujatoa barua mezani, nenda kamwone gerezani. Usiende na hoja wala rufaa, nenda tu. Nimeomba ruhusa ya Ijumaa na Jumatatu, nitakuja nikuendeshe, nitakungoja kwenye gari hata siku nzima. Ukirudi na bado unataka kuacha, nitakuwa nawe ukiipeleka.

Sasa nijibu, tafadhali. Unakula? Umemwandikia yule kijana tangu siku ile? Nani huenda kumwona, mama yake anayo nauli? Kuna haki yoyote iliyobaki kwake, au kukiri kumefunga kila mlango? Wenzako ofisini wanajua ulivyo, au umewaficha kama ulivyonificha mimi? Kaka Juma naye anasemaje? Na hiyo tarehe unayoingoja, ni ipi?

Ijumaa nitatoka alfajiri. Niachie ufunguo kwa jirani, na sufuria ya Mama Baraka iweke mlangoni nisiisahau.

Wako,
Mwanaidi