Klipu za mikanda ya nyuma tunazifukia sisi mafundi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako nitoe la moyoni. Mimi ni fundi wa kushona siti kava za magari hapa Ilala, Dar es Salaam. Kazi hii niliianza mwaka 1998, nikiwa kijana wa kushika mkasi na kufagia vipande vya reksini chini ya meza ya fundi mkubwa. Tangu hapo nimevalisha Noah, Raum, Spacio, Passo, IST zisizo na idadi, na Prado chache za wenye nazo. Ninachoandika leo ni kujishitaki mwenyewe, hivyo fundi mwenzangu atakayenuna ajue nimeanza na mimi.

Desemba iliyopita nilikwenda Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere, jengo la tatu, kumpokea binti yangu. Yeye na mumewe wanaishi Muscat, na safari hii walikuwa wanatuletea mjukuu wetu wa kwanza, miezi kumi, kilo tisa na ushei. Juu ya masanduku kwenye toroli kulikuwa na kiti cha mtoto cha gari, kimezungushiwa nailoni kama friji jipya. Nikakibeba nikakitia kwenye buti. Binti akakitoa.

"Baba, hiki kinakaa siti ya nyuma."

"Mwanangu, kutoka hapa mpaka nyumbani ni hapo tu. Si utampakata?"

"Baba nisamehe, lakini hatuondoki hivyo."

Kule Oman, tangu 2018, mtoto wa chini ya miaka minne lazima awe kwenye kiti chake, basi nikadhani ameshazoea kuogopa askari wa kule na hapa atazoea tu. Mkwe wangu alinyamaza kwa adabu, anatazama viatu vyake. Nikafungua mlango wa nyuma ili tuyamalize.

Mkanda ulikuwepo, umening'inia pembeni na vumbi la miaka. Klipu ya kuuchomekea ndiyo haikuonekana. Nikaingiza vidole kati ya kikalio na mgongo wa siti, haviingii. Reksini imekazwa kama ngoma. Aliyeikaza ni mimi, gari ni langu, na kava ile niliishona kwa uzi mwekundu wa mapambo ili iwe tangazo la biashara. Jua la saa nane, mtoto analia, walinzi wanaanza kutusogelea. Nikatoa kisu cha kazi nikaipasua kava yangu mwenyewe pale maegeshoni, nikanyanyua kikalio. Klipu tatu zilikuwa zimelala kifudifudi chini, pamoja na sarafu ya shilingi 200, kifuniko cha peni na kokwa za tende. Binti hakusema neno. Bora angesema.

Sasa nieleze kwa nini tunafanya hivi, maana wengi mnaoendesha magari hamjui. Mteja akileta gari anataka siti ya nyuma ilale vizuri kama sofa. Klipu zikitokeza zinaharibu sura ya kava, na abiria wanalalamika zinawachoma makalio. Fundi aliyenifundisha alinionyesha njia ya mkato: zisukume chini, vuta kava, piga ringi za chuma, kazi imeisha. Kutoboa matundu na kuyashonea ukingo ni kazi ya ziada na hakuna anayeilipia. Miaka yote hiyo hakuna mteja hata mmoja aliyerudi kuniuliza klipu zake za nyuma zimekwenda wapi. Hata mimi mwenye gari sikuwa nimejiuliza.

Kuna na jambo la pili, hili linanitia aibu zaidi. Katika magari mengi ya miaka ya karibuni, ukibandua kikalio cha nyuma unakuta vichuma viwili vya duara, vyembamba kama penseli, vimechomelewa kwenye bodi umbali wa sentimita 28 kimoja kwa kingine. Pembeni huwa pana kitambaa kidogo kimeandikwa ISOFIX. Mimi nilivichukia vichuma vile kwa sababu vinachana reksini. Nilikuwa navifunika kwa kipande cha sponji na kile kitambaa nakikata. Kumbe ni mahali pa kunasia kiti cha mtoto moja kwa moja kwenye bodi ya gari bila kutumia mkanda, miguu miwili ya kiti inaingia pale inalia "ka!" na kazi imekwisha kwa chini. Kwa juu kunabaki kamba ya kufunga nyuma ya siti, au mguu wa kusimama sakafuni, kutegemea kiti chenyewe. Sina hesabu ya magari niliyoyafunika.

Gari langu ni la zamani, vichuma hivyo halina, kwa hiyo tukatumia mkanda. Na hapo nikapata somo la tatu. Mkwe wangu aliupitisha mkanda kwenye kiti, akauvuta taratibu mpaka ukaisha wote, kisha akauachia urudi. Ukawa unarudi kwa sauti, tik, tik, tik, na kuanzia hapo hautoki tena, unaingia tu. Wateja wamewahi kuniletea mikanda ya namna hiyo wakisema inakwama, nami nikawaambia ni mibovu, tafuteni mingine kwenye vipuri vya mtaa wa Gerezani. Haikuwa mibovu. Baadhi ya magari yanayotoka Japani yana mkanda uliotengenezwa hivyo makusudi ili ukibane kiti cha mtoto.

Kijana akapiga goti juu ya kiti, akakikandamiza kwa uzito wake wote huku akivuta mkanda. Halafu akakishika pale pale mkanda unapopita na kukitikisa. Kikicheza zaidi ya sentimita mbili na nusu, anasema, fungua uanze upya. Kilicheza. Akafungua. Mara ya tatu kikatulia. Mtoto mwenyewe alipoingia, binti alijaribu kuufinya mkanda wa begani kwa vidole viwili. Ukikunjika ujue bado umelegea. Mke wangu alikuwa amekuja na shali nzito ya kumviringishia mjukuu (joto lile lile la Dar, mimi sina la kusema). Akaambiwa mtoto afungwe kwanza, shali ije juu yake, kwa sababu kitambaa kinene chini ya mkanda kinabonyea gari likigonga na mtoto anapwaya.

Bibi yake alikubali la shali ila la pili likamshinda. Kiti kilitazama nyuma. "Sasa mtoto atatazama nini, mgongo wa siti?" Nami nilikuwa upande wake. Binti akamjibu, "Mama, hebu mwangalie kichwa chake na shingo yake." Kichwa cha mtoto mchanga ni kama robo ya urefu wake wote, na shingo bado laini. Akitazama mbele, gari likisimama kwa kishindo mwili unabaki kwenye mkanda, kichwa kinakwenda. Akitazama nyuma, mgongo wote na kichwa vinapokewa na kiti kwa pamoja. Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 129 inataka mtoto akae hivyo mpaka atimize angalau miezi 15, na kuendelea zaidi ya hapo hakuna ubaya maadamu kiti kinamtosha. Kwenye vingi vya viti hivi mkanda wa gari unapita kwenye alama za buluu mtoto akitazama nyuma, na nyekundu akigeuzwa mbele. Siti ya mbele yenye eabegi (ule mfuko wa hewa unaofumuka gari likigonga) inayofanya kazi, kiti kinachotazama nyuma hakikai kabisa. Ile ikifumuka inakipiga kiti mgongoni.

Na kumpakata? Niliuliza tena njiani, maana mimi ni mbishi. Mkwe wangu, ambaye hesabu ndiyo kazi yake, alinipigia kwa utaratibu: gari likiwa kilomita 50 kwa saa likasimama kwa kugonga ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde, huyu wa kilo tisa anavuta kama mzigo wa zaidi ya kilo 100. Gunia la mahindi. Mimi gunia la mahindi nilishalishindwa hata likiwa limesimama.

Tangu Januari nimekuwa nikiwauliza wateja wenye watoto, na wapo wanaoniletea viti vyao. Wengine wananunua vya mtumba. Mimi siwakatazi, ila nawaonyesha nilichoonyeshwa: pindua kiti utafute kibandiko cha rangi ya chungwa chenye herufi E ndani ya duara. Kitakuambia kilo au sentimita za mtoto anayefaa, na hivyo ndivyo vya kufuata, umri uache, maana watoto wa mwaka mmoja hawalingani. Tafuta na tarehe iliyopigwa muhuri kwenye plastiki, kwa sababu plastiki nayo inazeeka. Kisichokuwa na kibandiko wala historia, hujui kama kiliwahi kugongwa. Halafu kabla hujatoa hela nenda na kiti mpaka kwenye gari lako ukijaribu. Mteja mmoja wa Spacio alinunua kizuri sana, ghali, mkanda wake wa nyuma ukawa mfupi haukizunguki. Muuzaji akakataa kukipokea.

Wapo pia wanaotaka niwashonee kiti cha mtoto upya, reksini ifanane na siti za gari, na sponji niongeze "mtoto akae laini". Zamani nimeshona viwili hivyo, na kimoja nilifupisha mikanda yake kwa uzi wangu wa kawaida wa kava. Sijui kiko wapi leo, na nikilala usiku nakikumbuka. Sasa hivi nakataa. Mkanda wa mtoto ukichakaa ni wa kutafuta kwa aliyekitengeneza kiti, siyo cherehani yangu. Ninachokubali kushona ni kitambaa cheupe cha kufunikia kiti gari likiwa juani, kwa sababu ile klipu ya chuma ikipata jua la mchana inamuunguza mtoto paja. Kabla ya kumkalisha kinatolewa.

Habari za sheria siziingilii sana. Sheria yetu ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 1973, na wadau wameshapiga kelele vya kutosha kuhusu viti vya watoto. Ninachojua ni kwamba hata sheria ikija kesho asubuhi, baba atanunua kiti, atafungua mlango wa nyuma, na klipu hataiona, kwa sababu iko chini ya kava ya fundi. Wenzangu wa Gerezani, Mwenge na kwingine, tundu moja la klipu ni kazi ya dakika tano, ukingo wake dakika tano nyingine. Ongezeni bei mkitaka. Na wewe mwenye gari, kabla fundi hajapiga ringi ya mwisho, keti nyuma uchomeke mikanda yote mitatu mbele yake.

Na mliopita kwangu, kama kava yangu bado iko kwenye gari, leteni siku yoyote asubuhi kabla jua halijawa kali. Nitafunua kikalio, nitatoboa, nitashonea ukingo, na vile vichuma nitaviachia nafasi vikiwepo. Silipishi. Ila sarafu nitakazozikuta chini ni zangu.

Fundi siti kava,
Ilala, Dar es Salaam