Sofonisba Anguissola mmemwacha wapi?

Mhariri, salamu. Ile makala yenu ya wachoraji wa Renesansi, ule mwamko wa sanaa wa Ulaya wa karne ya 15 na 16, nimeisoma yote na iko safi tu, ila jamani, Leonardo, Michelangelo, Raphael alafu basi? Mwanamke hata mmoja hakuna? Sofonisba Anguissola je?

Huyu kazaliwa Cremona, kaskazini mwa Italia, kwenye miaka ya 1530, kwao mabinti sita na mvulana mmoja, na baba yao Amilcare akaamua kuwasomesha. Sofonisba na mdogo wake Elena akawapeleka kwa fundi Bernardino Campi wajifunze kuchora, na enzi hizo kwa binti wa familia ya heshima hilo halikuwa jambo la kawaida kabisa. Michelangelo, mzee tayari, akaona mchoro wa Sofonisba wa msichana anacheka, akasema kumchora mtoto anayelia ndo kazi ngumu. Basi Sofonisba akamchora kaka yao mdogo Asdrubale kidole kimebanwa na kamba wa mtoni, uso umekunjamana, mdomo wazi, na pembeni msichana anamwangalia huku anatabasamu, yaani unaangalia tu karatasi na kilio unakisikia.

Mwaka 1559 akaitwa Hispania, kwa Mfalme Felipe II, akawa kwenye msafara wa malkia Elisabeth na kumfundisha kuchora. Mi naona jina lake lilianza kupotelea hapo hapo. Kule alihesabika mama wa heshima wa ikulu, si fundi, kwa hiyo hakulipwa kwa picha bali alipewa posho, vitambaa na zawadi, na picha hakuzisaini. Wakati mwaka 1555, akiwa bado kwao, alichora wadogo zake wanacheza chesi na ukingoni mwa ubao akaandika jina lake kamili na la baba yake! Ile picha ya Felipe kashika rozari, iliyopo makumbusho ya Prado, Madrid, kwa muda mrefu sana watu waliambiwa ni ya mchoraji mwingine wa ikulu hiyo, Sánchez Coello, kumbe ya Sofonisba.

Maisha yake nayo ni tamthilia tosha. Mume wa kwanza akafariki, akapanda meli kutoka Sicily, kisiwa cha kusini mwa Italia alikokuwa akiishi na mumewe, kurudi kwao, humo humo akampata nahodha Orazio Lomellino, mdogo kwake kiumri, wakaoana na Asdrubale akanuna, ila ndoa ikadumu mpaka mwisho.

Mwaka 1624 mchoraji Van Dyck, kijana wa miaka 25, akamfuata Palermo, huko huko Sicily. Bibi macho yameisha ila akili timamu, na wakati anachorwa akawa anamwelekeza kijana, mwanga usiuweke juu sana, makunyanzi yatajaa vivuli. Van Dyck akayaandika yote kwenye daftari lake, lipo British Museum mpaka leo. Mwaka uliofuata bibi akafariki.

Kwa hiyo mkirudia mada hii wekeni ile ya chesi, iko Poznań, Poland, na jina lake chini muweke kwa herufi za kusomeka, maana hizo zenu za chini ya picha mpaka mtu aazime miwani.

Msomaji wenu,
Morogoro