Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025, Kisomo cha Watu Wazima, Pasua, Moshi

Ndugu wanachama, wawezeshaji wetu na wageni waalikwa,

Nawasalimu na kuwashukuru kwa kufika. Shughuli za kawaida mnazijua. Darasa la KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) limeendelea Jumanne na Alhamisi saa kumi jioni, isipokuwa wiki za masika njia zilipoharibika. Kundi la ushonaji limehamia barazani kwa katibu. Mradi wa kuku upo. Mwezi Aprili tulifiwa na mwenzetu mmoja, na rambirambi zilifikishwa.

Nitasema kwa kirefu kuhusu sherehe ya kuwagawia wanafunzi vyeti, ya tarehe 8 Septemba, kwa sababu maneno yamekuwa mengi na karibu yote nimeyasikia dukani, si kikaoni. Imesemwa kwamba kamati imekula fedha za chama kwa pilau. Imesemwa kwamba kumvalisha joho mtu mwenye wajukuu ni kumchekesha kwa watu, na kwamba vyeti tungegawa kimyakimya darasani, mlango ukiwa umefungwa.

Nianze na utaratibu. Mkutano wa Juni uliitishwa kwa barua na kwa simu, ajenda ikiwa hiyo moja. Akidi ni wanachama 33, walikuja 19. Katiba yetu inasema akidi isipotimia, kamati iamue. Kamati ikaamua. Wengi wa wanaolalamika leo hawakuwa miongoni mwa wale 19, na orodha ya mahudhurio ipo kwa katibu kwa yeyote anayetaka kuiona.

Sasa sababu yenyewe. Wanafunzi wetu wamejifunza kwa kujificha. Wapo waliokuwa wakipita njia ya nyuma wasionekane na daftari, na yupo baba aliyewaambia wa nyumbani kwake kwamba jioni anakwenda kikao cha ukoo. Mtu wa namna hiyo ukimpa cheti mlango ukiwa umefungwa, unamthibitishia kwamba alikuwa na haki ya kuona aibu. Nchi hii haikuanza hivyo. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na watu walisoma chini ya miembe, mchana kweupe. Tarehe 8 Septemba nayo hatukuiokota. Ni Siku ya Kisomo Duniani, inaadhimishwa tangu 1967.

Wengine wameuliza kwa nini tuliwaita mbele hata wale ambao bado wanasoma kwa kusitasita. Mtihani wa kwanza wa taifa wa kisomo, mwaka 1975, uliwapanga watu kwa hatua, ya kwanza mpaka ya nne. Waliofika ya tatu na ya nne ndio waliohesabiwa kuwa wamehitimu, lakini hata aliyekuwa chini alijua amefika wapi. Nasi tulifanya hivyo: kila cheti kimeandikwa hatua, na hakuna aliyepewa asichostahili.

Waliokuwepo walimwona mama yetu anayeuza ndizi Mbuyuni. Zamani madeni ya wateja aliyaandika kwa mistari ya mkaa ukutani, na mvua ikinyesha upande ule, deni limekwenda. Siku ile alisimama na joho lake, akafungua daftari lake la madeni na kulisoma mbele yetu: jina, mikungu, kiasi. Kidole kilifuata mstari. Kwenye jina moja alikwama, akarudi nyuma, akalitamka silabi kwa silabi mpaka likatoka zima. Mwenye jina hilo alikuwa amekaa safu ya tatu. Alilipa hapohapo, na watu wakapiga vigelegele. Mwanawe wa kiume alilia waziwazi. Mimi sijuti shilingi hata moja ya siku ile.

Majoho niliyaazima mimi mwenyewe kwa watu ninaofahamiana nao, bila chama kulipa, na nauli ya kuyabeba ilitoka mfukoni mwangu. Nayasema haya kwa sababu imedaiwa kwamba yalikodiwa.

Kuhusu fedha: tulianza na salio la 58,000. Ada zimeingia 390,000, michango ya sherehe 410,000, na wafanyabiashara wa soko wametuchangia 250,000, jumla 1,108,000. Sherehe imetumia 620,000, nauli za wawezeshaji 180,000, chaki, madaftari na taa 145,000. Salio ni 163,000. Mtaona kwamba michango iliyokusanywa kwa ajili ya sherehe pamoja na ile ya soko imezidi gharama ya sherehe. Hakuna ada ya mtu iliyogeuka pilau.

Ada yenyewe ndiyo inayonisikitisha. Tuko wanachama 64. Waliolipa 12,000 yote ni 27, waliolipa nusu ni 11, na 26 hawajatoa hata senti. Tunadai 378,000, fedha ambazo zingetosha kuwalipa wawezeshaji nauli ya mwaka mzima na zaidi. Wawezeshaji hawa hawana mshahara. Mmoja wao amefundisha muhula mzima kwa kutembea kwa miguu kutoka Njoro, na hajawahi kuchelewa. Nawaomba tumtazame usoni tukiwa tumelipa.

Mwakani tunatarajia, Mungu akipenda, kuanzisha darasa la hesabu za biashara, kutafuta chumba chetu wenyewe, na kuonana na ofisi ya kata kuhusu vitabu. Sherehe itakuwepo tena tarehe 8 Septemba, na safari hii naomba mjadala wake ufanyike kikaoni.

Mtunza hazina amekaa mezani karibu na mlango. Kitabu cha risiti anacho, na atakuwepo mpaka saa kumi na mbili.

Mwenyekiti