Kalambo si ya kila mwezi

Ndugu Mhariri,

Toleo lenu la juma lililopita lilikuwa na picha nzuri ya Maporomoko ya Mto Kalambo, maji yamefura ukingo mzima, na chini yake wasomaji wakahimizwa wafunge safari mwezi huu wa Oktoba. Sina ugomvi na kufunga safari. Ugomvi wangu ni huo mwezi.

Mwaka juzi nasi tuliitikia wito kama huo. Tulitoka Mbeya alfajiri, mimi, mke wangu na shemeji yangu ambaye ndiye aliyeshika usukani. Tukabanana na malori ya Tunduma, tukanywa chai Laela, tukalala Sumbawanga. Kesho yake tukashika njia ya Matai. Barabara ya kwenda bandari ya Kasanga siku hizi ni lami, na shemeji lami ilimnogea hata mchepuko wa Kapozwa ukatupita. Tuliposimama kuuliza, kijana wa bodaboda akajibu, "Shikamoo mzee. Maporomoko mmeshayaacha nyuma. Mngemalizia tu ziwani, mkirudi mtayaona."

Kijana yule namshukuru mpaka leo. Uwanda wa Ufipa uko juu sana, Sumbawanga ni kama mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na asubuhi tulikuwa na masweta. Ziwa Tanganyika liko kwenye mita 770 hivi. Tofauti hiyo yote unaimaliza kwa kona chache: masikio yanaziba, sweta inavuliwa, na kwenye kona moja ziwa linatokea chini yako, buluu, milima ya ng'ambo ikionekana kama moshi. Kuna mahali majabali yanaingia majini moja kwa moja, ufukwe hakuna, na ukikumbuka kuwa ziwa hili lina kina cha mita 1,470 unarudi nyuma hatua moja bila kuambiwa. Kasanga yenyewe Wajerumani waliiita Bismarckburg. Tulikula mgebuka wa kuchoma kwa ugali, mke wangu akataka tulale hapo hapo. Ningemsikiliza.

Kalambo tulifika jioni. Mto ule ndio mpaka wetu na Zambia, na maji yanaanguka mita zaidi ya 220 kwa mruko mmoja. Hayo nilikuwa nimewasimulia wenzangu njia nzima. Mke wangu alichungulia, akanyamaza, kisha akauliza, "Ndiyo haya?" Yalikuwa kamba nyembamba ya maji, na upepo ulikuwa ukiikata kabla haijafika chini. Shemeji hakusema neno, lakini nilijua anapiga hesabu ya mafuta.

Aliyetuokoa ni kijana aliyetuongoza. Alituonyesha kuta za mwamba upande wa pili, zenye madoa meupe, na juu ya vibao vya mawe ndege wakubwa wenye upara na kifuko shingoni. Ni wale korongo wanaoitwa marabu. Wao huzaa kiangazi, wakati mto umepungua. Korongo ndani ya korongo, akasema, na nadhani mzaha huo huwaambia wageni wote.

Tukarudi Aprili iliyofuata, mvua zikielekea ukingoni. Tuliusikia mto kabla ya kuuona. Chini hapakuonekana, ni ukungu mtupu, na miwani yangu ililowa nikiwa bado mbali na ukingo. Picha yenu, Mhariri, bila shaka ilipigwa majira hayo. Ndege hatukuwaona.

Kwa hiyo mtu akiniuliza aende lini, namuuliza anataka maji au ndege. Wa maji aende Machi au Aprili, awe na koti la mvua na viatu vya kushika tope. Wa ndege aende sasa, lakini aambiwe mapema kwamba anafuata ndege. Anayetoka Dar es Salaam kwa basi akakuta kamba badala ya maporomoko hatarudi, na atawasimulia na wengine.

Kuna jambo jingine ambalo picha haisemi. Juu kidogo ya maporomoko, upande wa Zambia, watafiti walitangaza mwaka 2023 kuwa wamekuta magogo mawili yaliyochongwa ili moja likae juu ya jingine, ya miaka isiyopungua 476,000. Binadamu wa aina yetu hakuwepo bado. Mto huo huo ndio ulioyahifadhi kwa unyevu wake. Mgeni anasimama karibu na mahali hapo akipiga picha yake, na anaondoka hajui. Bango moja la Kiswahili lingetosha kumweleza hayo, na miezi ya maji na ya ndege ikaandikwa humo humo.

Nanyi gazetini, picha ijayo mkiitoa, iandikieni mwezi ilipopigwa.

Msomaji wenu,
Mbeya