Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti

Ndugu wanachama,

Mikutano minne na semina mbili zimefanyika. Kumbukumbu mnazo, na hesabu mtasomewa na mweka hazina.

Niende kwenye lililoleta maneno: uamuzi kwamba mgonjwa mwenye dawa tano au zaidi apitiwe dawa zake zote kabla ya kuongezewa nyingine. Nimelaumiwa kuwa niliupitisha bila ninyi. Niliuleta mkutanoni mara mbili, na mara zote mbili akidi haikutimia. Kamati tendaji ikaamua, nami nikatia saini. Ningeulizwa leo, ningesaini tena.

Imesemwa pia kwamba tunawanyima wagonjwa dawa. Neno hilo limeniuma. Sote tumemwona mzee aliyepewa amlodipini ya shinikizo la damu, miguu ikavimba, akaongezewa furosemidi ya kutoa maji, sasa anaamka usiku kucha kwenda haja ndogo na kuanguka gizani. Dawa ya pili inatibu madhara ya ile ya kwanza! Vigezo vya Beers kuhusu dawa zisizofaa kwa wazee vipo tangu 1991, vya STOPP tangu 2008, sikuvitunga mimi. Na katika utafiti wa EMPOWER wa Kanada, uliochapishwa 2014, wazee waliopewa kijitabu cha kuwaeleza hatari ya dawa zao za usingizi na namna ya kuzipunguza, 27% waliziacha ndani ya miezi sita. Kwa wasiokipata ilikuwa 5%.

Mwenzetu mmoja alimsimamishia mgonjwa propranololi, dawa ya kutuliza mapigo ya moyo, kwa ghafla; moyo wa mgonjwa ukaanza kwenda mbio, na mwenzetu akasema amefuata mwongozo wetu wa kupunguza dawa. Mwongozo huo niliuandika kwa mkono wangu. Unasema tuguse dawa moja kwa wakati mmoja. Unasema propranololi na benzodiazepini, yaani dawa za usingizi na wasiwasi, zishushwe dozi kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Anayeacha omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi tumboni, aambiwe mapema kuwa kiungulia kinaweza kumzidi siku za mwanzo, asije akadhani ugonjwa umerudi. Mgonjwa aridhie, daktari aliyeianzisha dawa apewe taarifa, na tarehe ya kurudi iandikwe. Mwenzetu huyo hakuhudhuria semina hata moja.

Mahudhurio yananisikitisha kuliko lawama. Semina ya pili, niliyoiandaa mwenyewe kwa majuma matatu, walikuja watu kumi na mmoja. Ada ya mwaka wamelipa chini ya nusu yetu, na nakala za mwongozo zilizokosa fedha za chama nilizilipia mfukoni mwangu. Natoa taarifa tu, sidai kurudishiwa.

Mwakani tunatarajia kuwa na fomu fupi ya mapitio ya dawa, na kukaa karibu zaidi na wafamasia, hali ikiruhusu. Wenye madeni ya ada wamwone mweka hazina kabla ya uchaguzi.

Mwenyekiti